Oili ya cheni ya msumeno: ya mimea au ya madini? Mwongozo wa kuchagua

Anayenunua msumeno wa mnyororo huuliza nguvu za injini, urefu wa bapa na aina ya cheni. Oili ya cheni huulizwa mwisho, na jibu analopewa mara nyingi ni fupi: "Weka oili yoyote." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu oili ya cheni si sawa na oili ya injini ya gari. Ya gari huzunguka ndani, huchujwa, hurudi chini, na siku ya kubadilishwa hukingwa kwenye chombo. Ya cheni haina safari ya kurudi. Pampu huisukuma hadi kwenye bapa, cheni huichukua ikikimbia mita 20 au zaidi kwa sekunde, na inapopinda kwenye ncha ya bapa oili hurushwa hewani. Inayobaki huondoka na unga wa mbao. Unachotia kwenye tangi lile kitaishia kwenye udongo, kwenye gogo, kwenye nguo zako, na kiasi kidogo utakivuta kwa pua.

Fanya hesabu ndogo. Chukua tangi la oili la lita 0.25, ambalo ni la kawaida kwa msumeno wa kati. Ukimaliza matangi matano kwa siku, umemwaga lita 1.25. Siku 20 za kazi ni lita 25, yaani dumu zima, na lote limebaki pale ulipokuwa unakata.

Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kununua. La kwanza ni oili hii itaangukia wapi. La pili, ambalo wengi hawalifikirii, ni msumeno wangu hulala siku ngapi bila kuguswa. Swali la ipi inalainisha zaidi nimeliweka pembeni kwa makusudi, maana zote mbili, zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya cheni, zinalainisha vya kutosha.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Bapa ni ule ubao mrefu wa chuma ambao cheni huuzunguka. Mafundi wengi husema baa. Mfereji ni ule upenyo mwembamba unaozunguka ukingo wa bapa, ambamo meno ya chini ya cheni hupita. Oili ya madini ni ile inayotokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na oili ya mimea ni ile inayokamuliwa kwenye mbegu, kama alizeti, soya au rapa. Na kwa anayeanza kabisa: msumeno wa petroli una matangi mawili. Moja ni la petroli iliyochanganywa na oili ya injini ya mipigo miwili, jingine ni la oili ya cheni. Mwongozo huu unahusu tangi hilo la pili tu. Oili ya cheni ikiingia kwenye petroli, injini itakusumbua.

Hatua ya 1: Iondoe oili chafu kwenye orodha

Kabla ya kulinganisha mimea na madini, kuna chaguo la tatu ambalo halisemwi kwa sauti lakini hutumika sana: oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari. Ni ya bure au karibu na bure, nyeusi, na inaonekana bado ina utelezi. Usiitumie.

Oili iliyokwisha kufanya kazi ndani ya injini imebeba chembe za chuma zilizosagika, masizi, asidi, na kemikali zinazozaliwa na mwako ambazo zinajulikana kusababisha saratani. Ndani ya gari uchafu huo umefungiwa. Kwenye msumeno unaugeuza kuwa ukungu mwembamba mbele ya uso wako, siku nzima, na kuupaka mikononi. Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wa misumeno vinaikataza waziwazi, na baadhi vinataja saratani ya ngozi kuwa ndiyo sababu. Upande wa mashine nako hakuna faida: zile chembe za chuma hutafuna pampu na bapa kama msasa, na oili yenyewe haina kiungo cha kuifanya inate kwenye cheni, kwa hiyo hurushwa mapema na kuiacha cheni kavu.

Ukikwama kabisa, oili mpya ya injini ya SAE 30 (hiyo ni namba ya unene iliyoandikwa kwenye chupa) itakuvusha siku hiyo. Haishiki cheni vizuri kama oili yake halisi, lakini ni safi.

Hatua ya 2: Hesabu siku ambazo msumeno hulala

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayowaponza watu wanaohamia oili ya mimea kwa nia njema.

Mafuta ya mimea yana tabia ambayo oili ya madini haina: yakikaa kwenye tabaka jembamba yakiguswa na hewa, hukauka. Hayakauki kama maji yanavyokauka, kwa kupotea. Huvuta oksijeni, chembechembe zake zikashikana, yakawa gundi, kisha utando mgumu. Wachoraji wametumia tabia hiyo kwa karne nyingi: rangi ya mafuta huchanganywa na mafuta ya kitani kwa sababu hugeuka kuwa ngozi ngumu yenyewe. Kinachompendeza mchoraji ndicho kinachoua pampu ya msumeno.

Si mafuta yote hukauka kwa kasi moja. Wataalamu hupima kwa namba ya aidini: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mafuta yanavyokauka upesi. Kitani kiko kati ya 170 na 200. Alizeti ya kawaida na soya ziko kwenye 110 hadi 140 na kitu. Rapa huzunguka 110. Alizeti ya aina maalumu, ile iliyozalishwa ili iwe na asidi ya oleiki kwa wingi, iko chini zaidi, karibu na 85, na ndiyo maana hupendwa na watengenezaji wa oili nzuri za mimea. Mawese yako kwenye 50, na nazi karibu na 10. Usikimbilie kusema basi nazi ndiyo bora: mafuta ya nazi huganda kama siagi joto likishuka chini ya nyuzi 24, na mawese huwa mazito hata kwenye joto la kawaida la chumbani. Pampu haiwezi kusukuma samli.

Oili ya mimea iliyotengenezwa maalumu kwa cheni huwa na dawa za kuchelewesha ukaukaji huo. Huuchelewesha, haziufuti. Sasa angalia matumizi yako.

Ukikata kila siku, au angalau kila wiki, oili ya mimea itakufaa kabisa. Tangi hujazwa upya kabla oili haijapata muda wa kukauka, na ile iliyobaki kwenye mfereji husukumwa na mpya. Msumeno wa mtu wa kazi ya kila siku ndio mahali oili ya mimea inapong'aa.

Ukikata mara moja kwa mwezi, bado unaweza kuitumia, ila itabidi uwe na nidhamu ya kuhifadhi nitakayoieleza chini. Ukikosa nidhamu hiyo, tumia ya madini.

Ukiwa na msumeno wa dharura, unaokaa stoo hadi mti uanguke kwenye njia, tumia ya madini. Sisemi hivyo kwa furaha, maana napenda oili ya mimea, lakini msumeno wa dharura ambao cheni yake imegandia bapani haukufai siku unapouhitaji. Kiasi unachomwaga kwa mwaka ni kidogo, na pampu moja iliyokufa ni plastiki na chuma vilivyotupwa bila sababu.

Niliwahi kufungua msumeno ulioachwa miezi minane na mafuta ya alizeti ya kupikia ndani. Kwa nje ulikuwa safi. Cheni haikuvutika hata kwa mikono miwili. Ndani ya kifuniko cha klachi kulikuwa na tabaka la rangi ya kahawia, gumu kama vanishi, na chujio la kwenye tangi lilikuwa limezibwa kabisa. Pampu haikupona. Msumeno huohuo ungetumika kila siku na mafuta yaleyale, pengine tatizo lisingetokea.

Hatua ya 3: Angalia ardhi, maji na kazi ya mbao zenyewe

Sasa swali la oili itaangukia wapi. Oili ya madini ikiingia ardhini hukaa. Vijidudu vya udongo huila polepole sana. Oili ya mimea ni chakula chao: ile inayostahili jina hilo sehemu yake kubwa huwa imekwisha vunjwavunjwa ndani ya wiki chache. Tofauti hii si ya maneno ya matangazo, na nchi kama Austria iliichukulia kwa uzito kiasi cha kupiga marufuku oili za madini kwenye cheni za misumeno tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mahali ambapo mimi huona hakuna mjadala, oili iwe ya mimea:

Ukikata kando ya mto, ziwa, kisima au chemchemi. Ukipogoa miti ya matunda au kufanya kazi ndani ya bustani ya mboga. Ukikata magogo ya kuoteshea uyoga, mbao za kutengenezea mizinga ya nyuki, vibao vya kukatia chakula, au unga wa mbao utakaotandazwa chini ya mifugo. Ukikata juu ya mti, ambapo oili hukudondokea usoni na shingoni. Na ukiwa mtu wa kushika msumeno siku nzima, siku nyingi, maana ngozi inayolowa oili ya madini kila siku huanza kutoa vipele na kuwasha, na ya mimea ni mpole zaidi kwake.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu nimeona watu wakilewa na jina "mimea". Oili ya mimea ikimwagika kwa wingi majini bado ni balaa. Vijidudu vinavyoila hutumia oksijeni ya maji, na samaki hukosa pumzi. Kumwaga dumu zima kandokando ya kijito ni kosa hata kama dumu limechorwa jani la kijani. Jaza tangi mbali na maji, tumia mdomo wa kumiminia, na weka kitambaa chini.

Hatua ya 4: Linganisha unene na hali ya hewa unayofanyia kazi

Unene wa oili huandikwa kwenye chupa kwa namba ya ISO VG. Namba hiyo inaeleza unene wake kwenye joto la nyuzi 40. Kwa cheni utakutana na 68, 100 na 150. Ya 68 ni nyepesi, ya msimu wa baridi. Ya 100 hufaa mahali pengi, na ni jamaa wa SAE 30. Ya 150 ni ya joto kali, au ya bapa refu na mbao ngumu.

Hapa oili ya mimea ina uzuri wake ambao wauzaji wachache huueleza. Oili ya madini ya VG 100 ina unene wa 100 kwenye nyuzi 40, lakini ikipashwa hadi nyuzi 100 hubaki na takriban 11: imepungua mara tisa. Mafuta ya rapa huanza na 35 hivi kwenye nyuzi 40, na kwenye nyuzi 100 bado yana 8: yamepungua kidogo zaidi ya mara nne tu. Maana yake, bapa likipata moto ya mimea hailegei kama ya madini. Tena chembe zake zina upande unaopenda kushika chuma, kwa hiyo huacha utando hata pale ambapo oili imesukumwa ikaonekana imeisha. Na haishiki moto upesi: mvuke wa mafuta ya rapa huanza kuwaka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300, wakati oili nyingi za madini za cheni huanza karibu na 200.

Kwenye baridi kali, soma chupa itafute joto la chini kabisa ambalo oili bado inatiririka. Rapa hustahimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri, lakini ikikaa siku nyingi kwenye baridi hiyo huanza kuganda. Kama unafanya kazi kwenye theluji, lala na dumu ndani ya nyumba na ulitoe asubuhi.

Hatua ya 5: Soma lebo bila kupumbazwa na rangi ya kijani

Neno "bio" peke yake halikuambii kitu. Kuna oili iliyochanganywa, nusu mimea na nusu madini, ikaitwa bio. Kuna oili ya mimea iliyowekewa viungo vingi visivyooza. Unachotafuta kwenye maandishi madogo ni kipimo cha kuoza. Kinachojulikana zaidi ni OECD 301: ili oili ihesabiwe kuwa inaoza kwa urahisi, vijidudu viwe vimeivunja kwa asilimia 60 au zaidi ndani ya siku 28. Nembo za mazingira nazo zina uzito, kwa mfano Blauer Engel ya Ujerumani au ile ya ua ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu nyuma yake kuna masharti yaliyoandikwa na mtu wa kuyakagua.

Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Oili ya madini inaweza kukaa miaka mingi kwenye dumu lililofungwa. Ya mimea huchacha. Nunua kiasi utakachomaliza ndani ya mwaka, weka mahali penye giza na ubaridi, na ufunge kifuniko vizuri. Ikianza kutoa harufu ya karanga zilizooza, au ukiona imekuwa nzito kuliko ulipoinunua, usiitie kwenye msumeno.

Bado una shaka na oili uliyoletewa? Paka tone moja kwenye kipande cha kioo, lisambaze jembamba kwa kidole, liache dirishani palipo na jua. Kila baada ya siku chache liguse. Ile inayoanza kunata kama asali baada ya siku chache usiiamini. Ile inayobaki na utelezi baada ya wiki tatu au nne imewekewa dawa za kutosha.

Hatua ya 6: Mafuta ya jikoni, ndiyo au hapana?

Swali hili huulizwa kila mahali, nami nitalijibu kwa uaminifu: inawezekana, kwa masharti.

Mafuta safi ya kupikia ya alizeti au rapa hulainisha cheni. Watu wengi huyatumia na misumeno yao inaendelea kufanya kazi. Lakini ni mepesi kuliko oili ya cheni, hayana kiungo cha kunatisha wala dawa ya kuzuia kukauka. Kwa hiyo fungulia pampu zaidi, kagua tangi mara nyingi, tumia bapa fupi tu, na jioni usiache tone ndani. Ukifuata hayo kila siku, hutaona tatizo. Ukisahau mwezi mmoja, rudi ukasome habari ya ule msumeno wa miezi minane.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia, hapana. Yana chumvi, maji na mabaki ya chakula, na moto umeshayaanzishia safari ya kuwa gundi. Chumvi na maji vinaweza kuleta kutu kwenye cheni. Mafuta ya kitani nayo hapana kabisa, kwa sababu nilizokwisha eleza. Ya mbarika yanalainisha sana lakini ni mazito mno kwa pampu nyingi, na huacha vanishi.

Hatua ya 7: Namna ya kuhama kutoka ya madini kwenda ya mimea

Usimimine ya mimea juu ya madini iliyobaki. Zitachanganyika, ila mchanganyiko huo hauozi kama ulivyokusudia, na ukipata tatizo hutajua limetoka wapi.

Zima msumeno na uuache upoe. Ondoa betri kama ni wa betri, au kofia ya plagi kama ni wa petroli. Mwaga oili ya zamani kwenye chombo cha kuipeleka inakopokelewa oili chafu. Toa cheni na bapa. Kwa kipande chembamba cha plastiki au ncha ya waya, futa mfereji wote. Utashangazwa na matope yanayotoka. Zibua matundu mawili madogo karibu na kitako cha bapa, maana humo ndimo oili inapoingilia. Futa eneo la klachi kwa brashi. Vuta chujio la ndani ya tangi kwa ndoano ya waya, lioshe au libadilishe.

Rudisha kila kitu na ujaze oili ya mimea. Kwa kuwa umelitoa bapa, ligeuze pia, upande wa juu uwe chini, ili liishe sawasawa.

Hatua ya 8: Hakikisha cheni inapata oili, kisha urekebishe

Oili nzuri isiyofika kwenye cheni haina faida. Elekeza ncha ya bapa kwenye kisiki cheupe au boksi la karatasi, umbali wa sentimita 20 hivi, bila kugusa. Endesha injini kwa robo tatu ya kasi. Ndani ya dakika moja uone mstari wa oili ukijichora. Usipouona, zima, rudi kwenye matundu na chujio.

Misumeno mingi ina skrubu ya kuongeza na kupunguza oili, kwa kawaida upande wa chini. Ukishahamia oili nzuri ya mimea, yenye kunata, jaribu kupunguza kidogo, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Kisha kata kama kawaida. Cheni ikitoka na ung'avu wa oili kwenye viungo, na bapa likiwa vuguvugu tu, umepata kipimo chako. Ukiona moshi ilhali cheni si butu, ukingo wa bapa ukigeuka rangi ya buluu, au cheni ikilegea upesi kuliko kawaida, umepunguza kupita kiasi. Mbao ngumu, kavu, na bapa refu zote hudai oili zaidi.

Misumeno ya petroli husaidia kwa njia moja: tangi la oili limepimwa ili petroli iishe kabla ya oili. Ukijaza vyote pamoja kila mara, huishiwi. Lakini hilo pia ni kipimo kizuri: petroli ikiisha na tangi la oili bado limejaa, pampu haisukumi. Msumeno wa betri hauna ishara hiyo. Betri inabadilishwa, kazi inaendelea, na tangi lake dogo limekwisha zamani. Jizoeze kukagua oili kila unapobadilisha betri. Na kwa kuwa msumeno wa betri ndio hasa hukaa kabatini muda mrefu, msisitizo wa hatua inayofuata ni wa mwenye nao kwanza.

Hatua ya 9: Kuuhifadhi msumeno uliotumia oili ya mimea

Kama hutaugusa kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, mwaga oili yote. Tia oili nyepesi ya madini kiasi cha kufunika sakafu ya tangi, endesha dakika moja au mbili hadi uione ikitoka kwenye bapa, kisha zima. Umesafisha pampu na njia zake, na kilichobaki ndani hakitakauka. Hapa ndipo oili mbili hizi zinaposaidiana, na sioni aibu kuitumia ya madini kijiko kimoja ili kuokoa mashine inayotumia ya mimea mwaka mzima.

Toa cheni, ifute, ilaze ndani ya chombo chenye oili hiyohiyo nyepesi. Futa bapa. Usishangae ukikuta tone chini ya msumeno uliowekwa mahali penye joto; oili hupanuka na kujipenyeza, iwe ya mimea au ya madini. Weka kipande cha boksi chini yake.

Kama tayari imeganda

Usiwashe injini kujaribu kuing'oa kwa nguvu. Klachi au gia ya pampu ndiyo itakayokatika. Mafuta ya taa na dizeli, ambavyo huyeyusha matope ya oili ya madini mara moja, haviufanyi lolote la maana utando wa mafuta ya mimea yaliyokauka. Utando huo unaogopa sabuni. Toa cheni na bapa, vilowe usiku kucha kwenye maji moto yenye sabuni nyingi ya unga, kisha piga brashi ngumu. Vikaushe papo hapo na kuvipaka oili, maana chuma kitupu huanza kutu ndani ya saa chache.

Mwili wa msumeno usiuloweke. Tumia kitambaa chenye maji ya sabuni, au dawa ya kuondolea utomvu inayouzwa kwa ajili ya misumeno, na uiache ifanye kazi dakika kumi kabla ya kufuta. Usithubutu kutumia kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni: inayeyusha gundi kweli, lakini inatafuna alumini pia, na sehemu nyingi za injini zimetengenezwa kwa alumini. Ukishasafisha, zungusha cheni kwa mkono uliovaa glovu. Ikizunguka bila kukwama, tia oili nyepesi, fanya jaribio la kisiki cheupe. Ukingoja dakika mbili na mstari hauonekani, pampu ifunguliwe au ibadilishwe kabla hujakata hata tawi moja.